PeerTube na bando la mzazi

Toleo jipya la PeerTube likitoka, wenzangu wengi hukimbilia kutazama picha za sura mpya. Mimi huanza kwingine. Nasoma kwanza ile sehemu ya juu ya orodha ya mabadiliko, yenye maonyo kwa wasimamizi wa seva, kisha naingia kwenye saraka ya uhamishaji wa hifadhidata na kuhesabu ni faili ngapi zimeongezeka tangu mara ya mwisho. Nikimaliza hayo najiuliza swali moja tu: toleo hili litamwongezea mzazi gharama ya bando, au litampunguzia?

Mzazi gani? Subiri kidogo, ndugu msomaji, nafika huko.

Kwa wale ambao hawajakutana nayo, PeerTube ni programu huria ya kushiriki video. Unaiweka kwenye seva yako mwenyewe na unapata tovuti yenye vituo, orodha za kucheza, maoni na mengine uliyozoea kwenye tovuti kubwa za video, ila matangazo hakuna. Ilianza kama kazi ya pembeni ya msanidi mmoja anayejulikana kwa jina la Chocobozzz. Mwaka 2017 Framasoft, shirika lisilo la faida la Ufaransa, lilimwajiri aifanye kwa mshahara, na toleo la 1.0 likatoka Oktoba 2018 baada ya mchango wa umma uliopita yuro 53,000. Seva moja inaweza kufuata nyingine kupitia ActivityPub, itifaki iliyopitishwa na W3C Januari 2018. Ukiifungua ndani utakuta TypeScript inayoendeshwa na Node.js, hifadhidata ya PostgreSQL, Redis, FFmpeg ya kuchakata video, na Angular upande wa kivinjari. Leseni yake ni AGPL, yaani ukiibadilisha kisha ukawapa watu huduma hiyo kupitia mtandao, uwape na kodi yake. (Kodi ya programu, si ile ya KRA.)

Haya, sasa mzazi.

Dadangu ni mwalimu katika shule ya msingi ya viziwi huko magharibi mwa Kenya. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Corona, masomo yalihamishiwa redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Redio, kwa mtoto kiziwi! Lakini masomo hayakuwa shida kubwa zaidi. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa wakikaa bweni. Ghafla mtoto yuko nyumbani, miezi inapita, na ndani ya nyumba nzima hakuna mtu anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya zaidi ya kuita kwa mkono na kuonyesha chakula. Katiba ya 2010 inaitambua lugha hiyo, na Ibara ya 120 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mama aliye jikoni na mtoto anayelia haifaidi sana Ibara ya 120.

Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta, chuo kimefungwa, niko nyumbani sina kazi. Dada akaniambia anataka kurekodi video fupi fupi za wazazi. Nikamuuliza aanze na ishara gani, nikidhani atasema alfabeti.

"Tuanze na 'inauma wapi'," akasema. "Hiyo ndiyo wanayonipigia simu kuuliza."

Tulianza kwa kikundi cha WhatsApp kama kila mtu. Kilifanya kazi mpaka simu za wazazi zikajaa. Mzazi akifuta video ili apate nafasi, anaiomba tena, dada anaituma tena, na kila ikizunguka inapungua ubora mpaka vidole havionekani vizuri. Katika lugha ya ishara kidole kikipotea ni neno limepotea. Tovuti kubwa za video hakuzitaka kwa sababu baadhi ya video zilikuwa na wanafunzi wake. Hapo alikuwa na haki, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na hakuna mzazi aliyekuwa amekubali mtoto wake awekwe kando ya tangazo la kamari. Ndiyo nikaweka PeerTube, wakati huo ikiwa kwenye mfululizo wa toleo la 2.

Tangu siku hiyo nimepandisha toleo mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu vinajua njia. Hati ya kupandisha huanza kwa kuchukua nakala ya hifadhidata, inapakua toleo jipya katika saraka yake, inasakinisha vinavyotegemewa, kisha inahamisha kiungo kinachoitwa peertube-latest kielekee kwenye saraka mpya. Ni mpango mzuri sana. Kurudi nyuma inaonekana rahisi, unageuza kiungo tu. Lakini hifadhidata hairudi na kiungo. Mara seva mpya ikiwaka, uhamishaji unapita mmoja baada ya mwingine kwa nambari zake, safu zinaongezwa, nyingine zinafutwa, na kodi ya zamani haiwezi tena kuisoma. Ukitaka kurudi kweli kweli ni kurejesha ile nakala, na chochote walichopakia watu katikati kimepotea. Ndiyo maana nahesabu zile faili kabla ya kugusa kitu.

Nianze na badiliko ninaloliheshimu kuliko yote, ingawa halina sura ya kupigwa picha.

Simu ya kawaida ya Android inaporekodi video ya 1080p hutumia kama megabiti 17 kwa sekunde. Piga hesabu: dakika moja ni megabaiti 127 na kitu. Somo la dakika nne ni zaidi ya megabaiti 500. Matoleo ya mwanzo yalipeleka faili hiyo kama ombi moja la HTTP, likianza limeanza. Dada yuko mahali ambapo mtandao unakuja na kwenda kama mvua ya Aprili. Ikifika asilimia 80 mtandao ukikatika, megabaiti 400 zimekwenda na maji, na kesho anaanza sifuri kwa bando lingine. Alikuwa akiamka saa tisa usiku, watu wakiwa wamelala, ndipo apakie. Mwalimu! Saa tisa usiku, anapeperusha simu dirishani.

Mwaka 2021, katika toleo la 3.2, upakiaji ukawa wa kuendelezwa. Wazo lenyewe ni la kale, lakini kazi haikuwa ndogo. Kivinjari kinakata faili vipande, kinaomba seva kikao cha upakiaji, kisha kila kipande kinaenda na kichwa cha Content-Range kinachosema ni baiti za kutoka wapi mpaka wapi. Mtandao ukikatika, kivinjari kinauliza seva imefikia wapi, kinaendelea kutoka hapo. Upande wa seva lazima pawe na mtu wa kufagia vipande vilivyoachwa njiani na waliokata tamaa, la sivyo diski inajaa mizoga, kwa hiyo waliongeza na kazi ya ratiba ya kufanya hivyo. Na mpangilio wa Nginx ulibidi ubadilike. Nikaubadilisha Ijumaa usiku. Jumamosi dada alipakia masomo matatu mchana kweupe akiwa anapika. Hakuniambia asante kwa sababu hakujua kuna kitu kimebadilika, alidhani mtandao umekuwa mzuri. Kwangu hiyo ni sifa kubwa.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi, na ambalo mpaka leo halijaisha.

Jina lenyewe la PeerTube linatokana na ugawanaji. Watu wawili wanaotazama video moja kwa wakati mmoja, vivinjari vyao hupeana vipande moja kwa moja kupitia WebRTC, seva ikapumua. Kwa mtu aliye na intaneti ya nyumbani ya kulipia kwa mwezi ni ukarimu usiomgharimu kitu. Kwetu sisi wa bando, kipande unachompa mwenzako ni data yako imetoka. Bando halijali kama megabaiti inaingia au inatoka, zote linazihesabu.

Waandishi wa PeerTube walilifikiria hilo. Kuna mahali kwenye kodi ya kichezaji ambapo kivinjari kinaulizwa uko kwenye mtandao wa aina gani, na jibu likiwa ni mtandao wa simu, kinaandika kwenye kumbukumbu kwamba kinazima ugawaji, na unabaki kupokea tu. Ni mistari michache, sharti moja la if. Nilipoikuta mara ya kwanza nilitabasamu peke yangu kama mwehu. Mtu aliye Ufaransa alikaa akamfikiria mtu wa bando.

Lakini soma lile sharti polepole. Linategemea kivinjari kujibu ukweli. Chrome ya Android hujibu. Safari ya iPhone haina kiolesura hicho kabisa. Na laptopu? Laptopu iliyounganishwa kwa hotspoti ya simu, kwa ufahamu wake, iko kwenye waifai. Haina habari kwamba ile waifai ni simu ya mama iliyo mezani ikiungua bando la saa moja. Kwa laptopu, sharti halitimii, ugawaji unaendelea.

Na hivyo ndivyo familia nyingi zetu zinavyotazama. Skrini ya simu ni ndogo, vidole ni vingi, kwa hiyo kijana wa nyumba akirudi na laptopu ya chuo wanawasha hotspoti na kukaa wote. Mama mmoja akampigia dada kulalamika kwamba video ile ile inamaliza bando haraka akiitazama kwenye laptopu kuliko kwenye simu. Mwingine akasema kwake hakuna tofauti. Malalamiko ya namna hii, leo yapo kesho hayapo, ndiyo yanayozeesha wasanidi. Nikachukua laptopu mbili na simu mbili, nikakaa sebuleni jioni nzima na dirisha la takwimu za kichezaji likiwa wazi. Takwimu zinaonyesha wazi: kilichopakuliwa kutoka kwa seva, kilichopakuliwa kutoka kwa wenzako, na kilichotoka kwako. Nikiwa peke yangu kwenye video, kilichotoka ni sifuri. Laptopu ya pili ikiingia, namba inaanza kupanda. Na mara nyingine haipandi kabisa, kwa sababu mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP na WebRTC inashindwa kutoboa njia kati yao. Fumbo likajifumbua: wale waliotazama usiku ule ule dada alipotuma kiungo, wakiwa wengi kwa pamoja, ndio walioumia. Aliyetazama siku ya pili peke yake hakuona kitu.

Dawa ya haraka ilikuwapo tayari. Faili ya mipangilio inamruhusu msimamizi kuamua kama ugawanaji uwe umewashwa au umezimwa mtu anapofika mara ya kwanza, kwenye tovuti yenyewe na kwenye video zilizopachikwa kwingine. Nikazima pande zote mbili. Seva yangu sasa inabeba mzigo wote, na mwisho wa mwezi naiona kwenye bili. Naona ni haki. Kati yangu na mama yule, anayeweza kulipa ni mimi.

Kuna atakayesema nimeikata PeerTube mkia. Nimeshaambiwa hivyo na rafiki mmoja, mpenzi mkubwa wa mifumo isiyo na kitovu, kwamba bila ugawanaji nimebaki na tovuti ya kawaida ya video. Huenda. Lakini ugawanaji ulibuniwa ili mtu asiye na pesa za seva kubwa aweze kurusha video kwa wengi. Ukigeuka kuwa njia ya kuhamisha gharama kutoka kwangu kwenda kwa mzazi wa Mumias, sioni kilichobaki cha kutetea.

Nisiwachoshe na kila toleo. Toleo la 5, Desemba 2022, lilileta ulinzi wa faili zenyewe za video za faragha. Kabla ya hapo ukurasa wa video ulifungwa, lakini mtu aliyeshika anwani kamili ya faili angeweza kuifungua. Tangu hapo seva inadai utambulisho kabla ya kutoa hata kipande. Kwa tovuti yenye nyuso za watoto, hilo halikuwa jambo la kuahirisha, nililipandisha wiki ile ile.

Juni 2023 ikaja 5.2 na waendeshaji wa mbali. Seva niliyokodisha ni ya bei ya chini, prosesa yake ina viini viwili. Kugeuza somo moja katika ukubwa wa 240p, 360p, 480p na 720p kulikuwa kunaikalia kooni, na wazazi wakaona tovuti nzima ikikwama. Sasa kazi hiyo inafanywa na kompyuta yangu ya mezani hapa Nairobi. Uzuri wake ni kwamba kompyuta ndiyo inayopiga hodi kwa seva kuomba kazi, kwa hiyo sihitaji anwani ya IP ya umma wala kufungua mlango wowote kwenye rauta. Stima ikipotea katikati (na hupotea), seva inaona ile kazi haina habari mpya kwa muda, inaichukua na kuiweka tena kwenye foleni. Tokeni zikiingizwa, kompyuta ikiwaka, inapiga hodi tena. Aliyeandika sehemu hiyo sijui kama alimfikiria mtu wa tokeni, lakini imenikaa kama suti ya kushonwa.

Toleo la 6, Novemba 2023, ndilo lililonifurahisha kwa kuondoa. WebTorrent, iliyokuwa moyo wa kichezaji tangu mwanzo, ilitolewa kwenye kichezaji. Ugawanaji ukabaki upande wa HLS pekee. Kuna wasanidi wanaojivunia mistari waliyoongeza. Mimi nampenda anayefuta kitu alichokijenga mwenyewe na kilichompa jina. Njia mbili za kucheza video ni makosa mara mbili, majaribio mara mbili, na kwa anayewasha miundo yote miwili, diski mara mbili. Nilibaki na HLS peke yake, nikafuta faili za aina nyingine kwa wingi kupitia ukurasa wa msimamizi, na karibu nusu ya nafasi ikarudi.

Toleo hilo hilo lilileta vitu vitatu ambavyo kwa mtazamaji wa kawaida ni mapambo, lakini kwa ishara ni chakula. Kwanza, nywila ya video moja moja. Wazazi hawakumbuki akaunti, na si kosa lao; sasa dada anaandika neno moja kwenye daftari la mtoto, basi. Pili, vijipicha unaposogeza kidole juu ya mstari wa muda. Wewe na mimi tukitafuta mahali kwenye video tunasikiliza. Kwa video ya ishara hakuna cha kusikiliza, unatafuta kwa macho, na ile mistari ya vijipicha inaonyesha mkono uko wapi. Tatu, sura. Somo la dakika nane dada amelikata kwa sura: njaa, kiu, choo, baridi, inauma wapi. Mzazi anabonyeza sura anayoitaka, na kwa kuwa HLS huleta vipande vinavyohitajika, halazimiki kupakua dakika zote zilizotangulia. Kwa mkondo wa kilobiti 500 kwa sekunde, sura ya nusu dakika ni chini ya megabaiti 2. Mama yule wa jikoni anaweza kuitazama mara tano, mtoto bado analia, na bando halijashtuka.

Manukuu ya mashine yaliyokuja na 6.2 mwaka 2024 niliyazima. Si kwamba ni mabaya. Yanatumia Whisper, na kwa kiziwi anayetazama video ya mtu anayesema ni msaada wa kweli. Ila video zetu ziko kimya, au zina kuku nyuma, na Whisper inajulikana kwa kubuni maneno pale ambapo hakuna aliyesema kitu. Sitaki mashine imwandikie mzazi neno la uongo chini ya ishara. Manukuu ya Kiswahili dada anayaandika mwenyewe.

Halafu likaja toleo la 7, Desemba 2024, na sura mpya kabisa. Rangi nyingine, menyu nyingine, vitufe vimehama. Nilikaa nalo kwenye seva ya majaribio wiki mbili. Ni zuri. Maandishi yanasomeka vizuri zaidi, mtu anayetumia kibodi au kisoma skrini hapotei ovyo, mambo mengi ya msimamizi yamepangwa upya kwa akili. Nikampigia dada simu kwa furaha.

"Usiguse," akasema.

Nikamweleza kuhusu usalama, kwamba toleo la zamani halitatengenezewa viraka milele. Akanisikiliza mpaka mwisho, ana subira ya mwalimu. Kisha akaniuliza kama najua mzazi asiyesoma anafikaje kwenye video. Sikujua. Akanieleza: anafungua kiungo, anabonyeza picha ya tatu kutoka juu, anarudi nyuma, anabonyeza ile yenye rangi ya machungwa. Wamekariri mahali, si maneno. Ukihamisha kitufe umewafungia mlango, na hawatakuandikia ripoti ya hitilafu, wataacha tu kutazama.

Hilo halimo kwenye orodha yoyote ya mabadiliko niliyowahi kusoma, na silaumu mtu. Timu ya PeerTube ni ndogo mno kwa kazi inayofanya. Kwa miaka mingi aliyelipwa kuiandika alikuwa mmoja tu, na Framasoft huishi kwa michango. Sura ya zamani ilikuwa imelalamikiwa na wengi, wakaibadilisha, ni haki yao. Lakini gharama ya kubadilisha inatua kwa mtu ambaye hakuulizwa, na kati yake na wao niko mimi peke yangu.

Tulichofanya ni hiki. Nilisubiri likizo ya Aprili 2025. Kabla ya hapo dada alirekodi video ya dakika moja na nusu, kwa ishara na kwa sauti ya Kiluhya na Kiswahili, akionyesha simu yake mwenyewe yenye sura mpya: bonyeza hapa, rudi hapa. Mimi nikaandika mtindo wa CSS uliorudisha rangi ya machungwa mahali ilipokuwa, na ukurasa wa mwanzo wenye picha sita kubwa ambazo hazihami tena liwalo na liwe. PeerTube inaruhusu yote mawili bila kugusa kodi yake, namshukuru aliyefikiria hilo. Wazazi wanne walipiga simu wiki ya kwanza. Wiki ya pili mmoja. Kuna wawili ambao hawajaonekana tena kwenye takwimu na dada anawatafuta kwa njia zake.

Kazi iliyo mezani kwangu sasa ni ile ya hotspoti. Kuzima ugawanaji kwa wote ni nyundo, nataka kitu cha busara zaidi. Mpangilio wa kuuzima au kuuwasha upo tayari kwa kila mtazamaji, hata asiye na akaunti, na kivinjari chake kinaukumbuka. Tatizo ni kwamba umefichwa ndani ya menyu ambayo mama yule hatafika. Kwa hiyo naandika plagini ndogo inayoweka kitufe kimoja chini ya kichezaji, chenye picha ya simu na sarafu badala ya maneno. Ukikibonyeza, ugawanaji unazimika na ubora unashuka mpaka 240p. Mfumo wa plagini una ndoano zinazokuruhusu kubadilisha chaguo za kichezaji kabla hakijawaka, ila zina neno "internal" kwenye majina yao, yaani zinaweza kubadilika toleo lolote bila kuniomba ruhusa. Nimekubali hilo. Kitufe kinafanya kazi kwenye Chrome na Firefox, kwenye iPhone bado kinagoma.

240p nilidhani itatosha. Nikampelekea dada sampuli tatu za somo lile lile aziangalie kwenye simu ya skrini ndogo. Alisema 240p inafaa kwa ishara za mkono mzima, lakini herufi za vidole zinachanganyika, M na N huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo masomo ya alfabeti yatabidi yaanzie 360p, na kitufe kijue tofauti. Njia ninayoijaribu ni lebo: video yenye lebo "herufi" haishuki chini ya hapo. Amenipa mpaka shule zifungwe Agosti. Kabla ya hapo, amesema, hata rangi nisiguse.